Kiti Kimoja Chumbani Kwako

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini karatasi hii inakukuta ukiwa mzima, shemeji mzima, na mapacha wazima, na kwamba yule mmoja ameacha kumng'ata mwenzake. Sisi huku hatujambo. Baba hajambo isipokuwa mgongo, na mgongo wa Baba unaujua: huuma zaidi panapokuwa na kitu cha kubeba. Mama hajambo. Nalirudia hili kwa sababu najua umesikia mengine. Mama hajambo kabisa.

Utashangaa kwa nini nakuandikia wakati simu zipo. Ujumbe wako uliingia kwenye simu ya Baba, nikausoma mimi kwa kuwa miwani yake ilikuwa imepotea tena. Ningeweza kukupigia, lakini unanijua. Kwenye simu wewe husema na mimi hujibu ndiyo, hata kabla sijajua ndiyo ya nini. Kalamu hainikatizi. Kwa hiyo naanza na jibu, kama tunavyofundishwa katika insha, hoja kwanza na maelezo baadaye: tafadhali usiwalete watoto kuja kukaa. Mama hana nafasi. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika. Ukishafika mwisho, kasirika unavyotaka.

Najua Mjomba alikupigia akakuambia kwamba dada yake ameanza kuchanganyikiwa, anajifungia chumbani kwako na kutazama ukuta. Kuhusu ukuta hakukosea. Ila hakukueleza jambo lilivyoanza, maana hakuuliza.

Lilianza kazini. Unakikumbuka kile chumba cha kufulia cha hospitali, ulikuwa ukinipeleka huko tumpelekee Mama chakula na tukitoka nguo zetu zinanuka mvuke. Mama bado yuko palepale, kwenye meza ya kukunjia. Bado wanamwita Sasa Hivi. Muuguzi akija kulalamikia foronya, Mama hujibu sasa hivi. Msimamizi akiulizia mapazia ya wodi, sasa hivi. Nyumbani nako vilevile: Baba na chai yake, sasa hivi; mimi na ripoti ya shule inayotaka sahihi, sasa hivi. Nilipokuwa mdogo nilidhani ndilo jina alilopewa na babu.

Basi siku moja mashine kubwa ya kukaushia ikagoma. Wakaambiwa wakae wamsubiri fundi. Mama anasema chumba kilinyamaza mpaka wakasikia bomba linadondoka, na wenzake wakajinyoosha juu ya marundo ya mashuka kama paka. Yeye pia akaketi. Baada ya muda yule mpiga pasi mnene, anayecheka mpaka mabega yanaruka, akamuuliza: wewe Sasa Hivi, hiyo taulo imekukosea nini? Mama akatazama mikono yake. Ilikuwa inakunja taulo moja, inaikunjua, inaikunja tena. Akaiweka taulo chini. Mikono ikahamia kwenye aproni. Mpiga pasi akasema, haki ya Mungu, huyu siku akifa itabidi tumfunge mikono, la sivyo atajikunjia sanda mwenyewe. Wakacheka wote.

Alitusimulia jioni ile naye akicheka, lakini kicheko chake kikaishia njiani. Akasema amefika miaka hamsini, na ana mikono isiyojua kutulia ikiwa macho. Baba akasema ndiyo sifa ya mwanamke mchapakazi. Mama alimtazama tu, Dada, kama mtu anayesoma maandishi madogo nyuma ya chupa ya dawa.

Jumamosi iliyofuata akafungua chumba chako. Tangu uolewe kilikuwa kimegeuka tumbo la nyumba, kila kisichotakiwa kinamezwa humo: redio ambazo Baba alishindwa kuzifufua kule kwenye banda lake la ufundi, godoro lililochanika, baiskeli ya tairi moja, na masufuria yasiyo na mifuniko pamoja na mifuniko isiyo na masufuria. Mama akatoa vyote. Akadeki, akafungua dirisha, kisha akaingiza kiti kimoja, kile cha mbao chenye mgongo mrefu. Nikasimama mlangoni nikisubiri kitu cha pili. Hakikuja cha pili.

Tangu siku hiyo, akirudi kazini, kabla hajagusa sufuria, anaingia humo na kufunga mlango. Anakaa mpaka jua lishuke nyuma ya paa la jirani. Halafu anatoka, na maisha yanaendelea. Hilo ndilo tatizo lote. Hakuna lingine.

Lakini ungeona watu walivyotaabika! Chumba kikiwa wazi, kila mtu anakiona kama pengo la jino lililong'oka, lazima lizibwe. Baba alitaka redio zake zirudi. Jirani aliulizia chumba kwa ajili ya mpwa wake, kijana mtulivu, hata mlango hagongi. Mama akamwambia asiyegonga mlango ndiye hasa asiyemtaka. Mjomba, ambaye saruji yake imezidi ghala lake, alisema ataweka mifuko michache tu pembeni, kiti hakitaguswa. Mama akamjibu kwamba nyumba njema si mlango, na yeye kaka yake ameuona mlango tu, ndani hapajui.

Mjomba akaondoka na hasira, akarudi na kikao. Tuliketi sebuleni, mimi nikigawa chai. Alizungumza vizuri, kama kawaida yake. Alisema haraka haraka haina baraka, sawa, lakini na kukaa bure nako hakujengi nyumba. Alisema mwanamke wa umri huu ndiye nguzo, na nguzo ikiamua kupumzika paa linakwenda wapi? Mama alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akamuuliza Jumapili anapocheza drafti kuanzia asubuhi mpaka giza, huwa anajenga nyumba ya nani. Mjomba akasema hiyo ni kupumzisha akili. Mama akasema ahaa, kumbe akili ni za wanaume peke yao. Yeye alidhani hata yake ipo, ndiyo maana anaipumzisha. Baba akapaliwa na chai. Nilimpigapiga mgongo, ule mgongo, na nakiri niliupiga kwa nguvu kidogo, maana Baba hukaa kibarazani kila jioni tangu nijue kuhesabu na hakuna aliyewahi kumwitia kikao.

Mimi mwenyewe nilikuwa sielewi. Nilidhani labda anasali, au analia. Siku moja nikagonga nikamwomba niingie. Akaniambia karibu, ila kitabu nikiache nje. Dada, mimi na kitabu! Nilimwambia kitabu si kazi, ni starehe. Akasema kitabu ndiyo taulo yangu mimi. Nikakiacha kizingitini nikaketi sakafuni. Mwanzoni niliwashwa mwili mzima kama niliyelalia majani. Nilihesabu vipande vya dari. Nilitunga sababu nne za kutoka. Baadaye nikaacha kutunga. Mwanga ukawa unapanda ukutani polepole, na Mama akaniambia kwamba alikulea wewe na kunilea mimi katika nyumba hii, na hakuwa amejua kwamba jua hufika kwenye ukuta huu. Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu aliyegundua ameibiwa na sasa anamjua mwizi.

Nilikwenda kutafuta neno nafasi kwenye kamusi ya shule. Ni mahali palipo wazi, na pia ni wakati usio na shughuli. Neno moja tu kwa vyote viwili! Nikaona kumbe ndiyo maana hawawezi kumwachia: wakiona mahali pake pako wazi wanadhani na wakati wake uko wazi, na vyote viwili havina mwenyewe.

Ndipo ukaja ujumbe wako. Najua uliuandika mbio, kati ya zamu na zamu, watoto wakikuvuta sketi. Sikucheki. Najua yaya ameondoka bila kuaga, na shemeji yuko safarini, na kazi mpya haikuruhusu kuchelewa. Lakini hebu tazama ulichoandika. Uliandika hivi: Mwambieni Mama nitawaleta watoto mwisho wa mwezi wakae mpaka mwakani, kwa kuwa chumba kipo na siku hizi Mama ana nafsi.

Nafsi, Dada. Herufi moja ilikukimbia.

Mimi nikausoma kwa sauti kama ulivyo, unanijua siwezi kurekebisha maandishi ya mtu bila ruhusa. Mama alikuwa anachambua mchele. Mikono ikasimama. Akaniomba nirudie. Nikarudia: siku hizi Mama ana nafsi. Akasema taratibu, haya, angalau kuna mmoja aliyeiona.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Hayakuishia. Mjomba alipopata habari alikuja kabla chai haijachemka, akasema mgeni njoo mwenyeji apone, wajukuu ndiyo dawa yenyewe. Nilitaka kumuuliza kama dawa na ugonjwa vinaweza kuwa kitu kimoja, lakini ulimi wangu ukafanya kama kawaida yake. Jioni Mama akaingia chumbani kwako akatoka na kiti, akakirudisha sebuleni. Akaniambia nikupigie nikwambie uwalete. Akasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sauti yake ilikuwa ileile ya kujibia foronya na mapazia. Ilikuwa sasa hivi nyingine.

Na hapa ndipo ninapotaka kukuambia jambo ambalo limenifanya niandike mbio mpaka mwandiko umeharibika. Mama alishakubali, Dada. Ile hapana uliyoisoma mwanzoni si yake, ni yangu. Alinituma nikupe ndiyo, nami sikukupigia. Nilichukua simu, nikatoka nje, nikasimama kwenye ua mpaka mbu wakanifahamu, kisha nikarudi ndani bila kubonyeza namba yoyote. Nikakichukua kiti sebuleni, nikakirudisha chumbani kwako, chini ya dirisha. Ni mara ya kwanza kutumwa na Mama nikakataa. Sijuti. Ukitaka kumlaumu mtu, nilaumu mimi. Na kwa kuwa nimeshaanza, ngoja nimalizie: ule mpango wa mimi kuja kwako nikimaliza mtihani, nikawe yaya mpaka matokeo yatoke, nao naukataa. Nakupenda wewe na wapwa zangu. Lakini hukuniuliza, ulinihesabu tu, kama foronya.

Sisemi usichoke. Nasema usimpe Mama uchovu wako kana kwamba ni zawadi. Shemeji ana mama yake, ana dada zake, na ana mikono miwili ambayo sijawahi kuiona ikikunja chochote. Anzieni huko. Na wewe pia tafuta hata kipembe cha ukuta kiwe chako, kwa maana nimeusikia ujumbe wako, na sauti yake naijua. Nawe umeanza kuitwa Sasa Hivi, ila bado hawajakuambia.

Nilifika hapa jana nikaiacha barua mezani, nikaenda kuzima jiko. Niliporudi, Mama alikuwa ameishika. Alisoma kurasa zote akiwa amesimama, nami nimesimama, na Baba mlangoni akijifanya anatafuta miwani aliyoivaa. Nilingoja kofi. Mama akaniomba kalamu nyekundu ninayosahihishia mazoezi. Akaniambia nimeandika vizuri lakini kuna kosa kule mwanzoni, na mtoto anayesoma vitabu vyote hivi hapaswi kukosa jambo jepesi hivyo.

Rudi ukatazame ukurasa wa kwanza, pale nilipoandika kwamba Mama hana nafasi. Utaona neno hana limekatwa kwa wino mwekundu, na juu yake, kwa mwandiko wake ule wa herufi zilizosimama kama zimepigwa pasi, ameandika anayo. Pembeni ameongeza maneno haya, nayanakili hapa wino usije ukafifia njiani: Mwanangu, nafasi ninayo. Nafsi pia. Ndiyo maana siigawi. Njoo Jumapili na watoto, mle, mcheze, mkojoe kila mahali. Jioni urudi nao kwenu. Na chumbani ukija, gonga.

Kisha akanirudishia kalamu, akaingia kwenye chumba chako, akafunga mlango. Nilichungulia kwenye tundu la ufunguo, Mungu anisamehe. Mikono yake ilikuwa mapajani, imelala.

Msalimie shemeji, umwonyeshe na barua. Wabusu mapacha, hasa yule anayeng'atwa. Baba anakusalimu, anasema redio mbili zimefufuka, na anauliza kama kwako hakuna pa kuziweka. Mimi nimemwambia aulize kwanza.

Ni mimi mdogo wako, mnayeniita

Kimya.