Kikombe cha Asubuhi

Mama,

Nimekimbia kufungua saluni, narudi kumnyonyesha. Mtoto kashiba. Mshike wima kwanza, usimlaze.

Asubuhi umeninunia ukajifungia chumbani. Sikusema unamdhuru mjukuu wako! Nilisema daktari anahisi kule kutapika kwake si asidi ya tumbo kupanda tu, huenda ni aleji: maziwa ya ng'ombe ninayokunywa mimi yanamfikia akinyonya. Kwa hiyo nayaacha kwanza, tuone. Na ya mbuzi pia usinitafutie, anasema yanafanana.

~~Kile kikombe cha maziwa cha asubuhi usiniletee tena.~~

Kikombe niletee kama kawaida, ila kiwe cha chai ya rangi. Humu ndani wote wanauliza kama mtoto kanyonya. Ni wewe tu unayeuliza kama mimi nimekula.

Mkweo