Kiganja cha Firdausi

Maili Moja, Kibaha
26 Februari 2025

Kwa Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo Shangazi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mguu umepungua kuvimba tangu tulipoachana kwenye arobaini. Mimi sijambo, ila uchovu tu. Nakuandikia kwa sababu simu huisikii, na haya ninayotaka kukuuliza si ya kupigia kelele. Rama wa mihogo amekubali kuwa posta yetu. Anasema atachukua na kuleta kila akipita huku na gari lake.

Shangazi, jana nilirudi hospitali kufuatilia karatasi ya mdogo wangu. Nimeipata. Imeandikwa kwamba Firdausi alifikishwa akiwa ameshafariki, na penye sababu ya kifo wameandika "haijulikani". Nikamuuliza karani, haijulikani na nani? Aliniangalia kwa huruma, maana tunajuana, yeye ni mtu wa masjala kama mimi. Akasema ndugu hamkutaka uchunguzi, mlitaka kuzika.

Ni kweli mlitaka kuzika. Mimi nilikuwa Dodoma kwenye semina. Watu wa kiwanda alichofanyia kazi walitoa gari, wakatoa sanda, wakaleta na mchele wa matanga, na sisi tukawashukuru. Mtu wa miaka ishirini na sita, ametoka Mlandizi Jumanne asubuhi kwenda kazini kwake njia ya Kwala, hajaumwa hata mafua, na Jumatano adhuhuri anazikwa Kisarawe. Meneja ana neno moja tu, kwamba alizidiwa ghafla. Nilipofika mlikuwa mmeshamvika sanda, nikaonyeshwa uso.

Wewe ndiye uliyemwosha, wewe na mama Ally. Naomba uniambie, kulikuwa na chochote mwilini? Jeraha, uvimbe, alama yoyote? Ulitulea wote wawili baada ya wazazi wetu kuondoka, sina mwingine wa kumuuliza.

Mwanao,
Mwanaamina


Kazimzumbwi, Kisarawe
4 Machi 2025

Mwanangu Mwanaamina,

Marahaba. Sisi huku wazima, tumeuanza mwezi mtukufu salama. Mguu unakwenda na kurudi. Mwandiko wako umeharibika tangu wakupe kompyuta, nimeusoma kwa taabu na miwani juu.

Mwanangu, mimi naosha maiti mwaka wa thelathini huu. Siku niliyofundishwa, kabla hata sijaonyeshwa namna ya kumimina maji, niliambiwa jambo moja: utakachokiona humu kibaki humu. Nimewaosha wake za watu, mama za watu, na mabinti waliokufa kwa mambo ambayo mama zao mpaka leo hawayajui. Watu wananiachia ndugu zao kwa sababu wanaujua mdomo wangu. Nikianza na Firdausi, kesho nani ataniita?

Mwombee mdogo wako. Hilo swali usiniulize tena.

Muhogo wa mwaka huu ni mtamu, nimempa Rama kikapu kimoja akuletee wa futari. Ukipika tia nazi, usipike kwa haraka zako za mjini.

Shangazi yako,
Kidawa


Maili Moja, Kibaha
19 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Hali yangu ya mwili njema, muhogo nimeupata, ahsante. Nilitia nazi.

Juzi nilikwenda Mlandizi kuhamisha vitu vya Firdausi. Vitu vyenyewe godoro, ndoo mbili, begi la nguo na kile kioo ulichompa. Mama mwenye nyumba alinisaidia kufunga, halafu akanivuta pembeni na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba watu wanasema marehemu alikuwa na mimba, akameza vidonge vya kuitoa. Nikamuuliza nani anasema. Akajibu kwamba hata kiwandani wanasema.

Nikafunga safari mpaka kwa meneja. Hakukataa, hakukubali. Alisema wasichana wa siku hizi wana mambo yao, akanifungulia mlango nitoke. Kituoni nako afande Silvanus ameandika maelezo yangu kwenye karatasi moja, akaniambia nirudi Jumatatu, na Jumatatu akaniambia Alhamisi. Najua maana yake. Mimi mwenyewe nashika majalada ya watu, na nimeshawaambia wengi hivyo hivyo huku jalada liko chini ya kiwiko changu.

Sasa Shangazi, ungeniandikia kwamba hakukuwa na kitu, ningenyamaza. Hukuandika hivyo. Umeandika nisiulize. Kwa hiyo ni kweli wanayoyasema? Niambie ndiyo au siyo tu, wala sitaki maelezo. Nalala na hili swali, naamka nalo, na kazini nachanganya namba za majalada.

Mwanao,
Mwanaamina


Maili Moja, Kibaha
14 Aprili 2025

Shangazi, shikamoo.

Rama anasema barua alikukabidhi mkononi, na kwamba uliisoma mbele yake ukaikunja ukaingia ndani. Idi imepita, sikuja, na hukuuliza kwa nini. Kunyamaza kwako nakuchukua kama jibu.

Mwanaamina


Maili Moja, Kibaha
12 Mei 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Nilikuwa nimejiambia sitaandika tena, lakini yamenifika mambo ambayo siwezi kukaa nayo peke yangu.

Ijumaa alikuja ofisini kwangu msichana anaitwa Evaline. Alikuwa akifanya kazi mashine moja na Firdausi, ya kushona mifuko, na sasa ameacha. Alikaa kwenye benchi la wanaosubiri majalada karibu saa nzima kabla ya kuniita. Anasema pale chini ya mashine maji huvuja kila siku, na wasichana huvua viatu kwa sababu vinaloa na kuteleza. Mashine yenyewe ilikuwa inapiga shoti. Walisema, wakaambiwa fundi atakuja. Siku ile Firdausi aliweka mkono kwenye kifuniko cha chuma akifungua, hakupiga hata kelele, akaanguka. Kesho yake asubuhi, wakati sisi tunachimba kaburi, fundi akaja kubadilisha waya. Wasichana wakaambiwa atakayefungua mdomo asirudi kazini. Habari ya mimba ilianza wiki hiyo hiyo.

Halafu Evaline akaniambia neno hili. "Dada, mngemwangalia mkono wa kulia. Mwenzetu Atupele alipigwa na mashine hiyo mwaka jana, akabaki na alama kiganjani, ya kijivu, kama punje ya kunde."

Nilimwambia yuko ardhini mwezi wa nne. Tukalia pale masjala, watu wakitutazama.

Nimempeleka kwa afande Silvanus. Kwa mara ya kwanza aliweka simu yake chini. Amesema maneno ya Evaline yanasaidia, lakini mwili haukuchunguzwa, kwa hiyo njia ni mbili. Apatikane mtu aliyeuona mwili, au tuombe mahakama iruhusu kaburi lifukuliwe. Akaniuliza, "Aliyemwosha yupo hai?"

Nikasema yupo.

Shangazi, sitaki wamfukue. Nimechoka, lakini sijachoka kiasi cha kuwaruhusu wafanye hivyo bila kukuuliza wewe kwanza.

Mwanao,
Mwanaamina


Kazimzumbwi, Kisarawe
15 Mei 2025

Mwanangu Mwanaamina,

Salamu nyingi. Sitakuongopea kwamba mimi mzima. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimekaa chini sakafuni.

Ilikuwepo. Kiganja cha kulia, chini kidogo ya kidole cha shahada. Ukubwa wake kama alivyosema huyo binti, punje ya kunde, ya kijivu, katikati pamebonyea na kingo zake ngumu. Na unyayo wa kushoto, karibu na kisigino, ngozi ilichanika kidogo na pembeni pameungua. Damu hakuna. Kwingine kote alikuwa msafi. Mimba hakuwa nayo, na kama alikuwa nayo basi mikono yangu ya miaka thelathini haijui kitu. Mama Ally naye aliiona ile alama.

Sasa nikueleze nilichodhani, uujue ujinga wangu. Unakumbuka Firdausi alikuja kunitazama mwezi wa kumi na moja. Nilimsema siku ile. Nilimwambia wenzake waliochezwa naye unyago, wa mkole mmoja, wana watoto wawili wawili, yeye yuko Mlandizi anashona mifuko. Akanijibu kwa utani wake kwamba basi atakwenda kwa mganga achomwe dawa, nyota yake ing'ae. Tukacheka, tukala. Mimi nimeshaosha watu wenye alama za waganga, wapo wanaochanjwa na wapo wanaochomwa, viganjani na nyayoni. Kwa hiyo nilipouona mkono wa kulia na mguu wa kushoto, nilijua kwamba mtoto alikwenda kweli, na dawa imemuua, na aliyempeleka kule ni mimi kwa mdomo wangu.

Nikamkunja vidole. Karafuu maiti hupakwa viganjani, mimi nilimpaka kile kimoja mpaka alama ikapotea, halafu nikamfumba mkono nao nikauvika sanda. Mama Ally nikamwambia, haya ya kwetu.

Nilikuandikia habari za amana ya mwosha, na amana ipo. Lakini mimi sikunyamaza kwa ajili ya amana peke yake. Nilinyamaza kwa aibu yangu. Ulipouliza habari ya mimba nilitaka kukujibu siyo, kalamu nikaishika. Nikaona nikijibu siyo, utauliza basi ilikuwa nini. Nikakuacha umdhanie mdogo wako vibaya kuliko wewe kujua nilichomwambia. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote.

Jana nilijikokota mpaka kwa Shehe Mfaume, nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kidawa, tulichoambiwa tufiche ni aibu ya maiti. Huyu hakufanya aibu, huyu amedhulumiwa. Nenda kaseme."

Mwambie huyo askari wako asiguse kaburi. Jumatatu nakuja na Rama, mama Ally naye yumo, ingawa anaogopa askari na ameniomba nisimwache peke yake hata chooni. Tutafutie mahali pa kukaa, mguu hautaki kusimama.

Shangazi yako,
Kidawa


Maili Moja, Kibaha
9 Juni 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mmesherehekea Idi ya kuchinja salama na mguu umepumzika baada ya safari. Msalimie mama Ally. Mwambie afande Silvanus bado anamtaja, anasema hajawahi kupata shahidi anayejibu huku amefumba macho.

Siku ile kituoni sikuweza kukwambia kitu. Afande alipokuomba uonyeshe alama ilikuwa wapi, ukafungua kiganja chako, akakosa namna ya kuandika, mpaka akachukua kalamu yake akakuwekea doa mkononi na kukupiga picha. Niliutazama ule mkono. Ndio uliotuogesha sisi, na ndio uliomwogesha yeye mara ya mwisho. Hasira niliyokuja nayo sijui ilikwenda wapi. Nisamehe kwa barua ya Aprili.

Habari zenyewe ni hizi. Wakaguzi wamekwenda kiwandani, na ile mashine imefungwa kwa lakiri. Meneja anasema fundi alikuja kwa matengenezo ya kawaida. Mwanasheria wao anasema mama mtu mzima anaweza kukumbuka vibaya, hasa akiwa na msiba. Kaburi halitaguswa kwa sasa. Kesi ikifika mahakamani mtaitwa, labda mwezi wa tisa, labda mwakani. Ile karatasi ya hospitali bado inasema "haijulikani", na haitabadilishwa mpaka mahakama iseme.

Nilirudi Mlandizi kumweleza mama mwenye nyumba. Alilia, akasema atawaambia wote aliowaambia mwanzo. Sijui kama wataamini. Watu huwa wanalipenda lile la kwanza.

Najua majalada yanavyolala, Shangazi. Nimeyalaza mengi. Mashahidi huhama, huchoka, husahau, na siku wakiitwa wanasema hawana hakika. Nakuomba kitu kimoja tu, usisahau. Hatuna karatasi nyingine zaidi yako.

Mwanao,
Mwanaamina


Kazimzumbwi, Kisarawe
2 Julai 2025

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima wote. Mama Ally kasikia habari ya macho kufumba, anasema aliyafumba ili aone vizuri. Mguu huu mimi na wewe tuuzoee tu. Ya Aprili nilikwisha kusamehe kabla hujaomba, na wewe nisamehe ya mwezi wa kumi na moja, maana Firdausi mwenyewe siwezi tena kumwomba.

Nimeosha wawili tangu nirudi huko. Wa jana alikuwa bibi wa makamo yangu, amekufa kwa uzee wake. Hata hivyo kabla ya kumvika sanda nilimnyoosha vidole kimoja kimoja, nikatazama.

Umeniomba nisisahau. Wino wa yule askari niliondoka nao mkononi, sikuusugua. Watu walioniuliza niliwaambia, na wasioniuliza niliwaambia pia. Shehe Mfaume amesema doa la wino haliharibu udhu, akatabasamu kidogo. Ulikaa siku nne, ya tano nilipoamka haukuonekana tena. Nikachukua kalamu, hii hii ninayokuandikia, nikaliweka doa pale pale, chini ya kidole cha shahada.

Sasa kila likififia nalirudishia. La unyayoni mgongo hauniruhusu kuinama, ananiwekea mama Ally. Waniite mwezi wa tisa, waniite mwakani, mwanasheria wao aulize anavyotaka. Nitafungua mkono.

Shangazi yako,
Kidawa