Gari Lililokataa Kuzimika Bunda

S.L.P. 214,
Kitaji,
Musoma.
9 Agosti 1987

Mpendwa mdogo wangu Nassibu,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimetulia na joto la Muscat limepungua kidogo. Sisi huku hatujambo. Mama naye hajambo, ila nyonga yake inamsumbua asubuhi kukiwa na ubaridi wa ziwani. Shemeji yako Shomari bado yuko kwenye cherehani, na siku hizi anachagua hata rangi ya uzi. Unakumbuka hali uliyotuacha nayo, sabuni kwa foleni na sukari kwa kibali. Sasa sabuni imepangwa madirishani kama pambo. Bei zinatuumiza, lakini vitu vipo.

Barua yako nimeipata. Unasema binamu yetu Hamduni amekuandikia kwamba gari lililipuka Bunda na Mama akaponea chupuchupu, na kwamba umeona heri tuliuze kwa yule tajiri wa Mwanza, hata kwa bei ya chuma chakavu. Hofu yako naielewa. Lakini Hamduni hakuwepo siku ile. Mimi nilikuwemo ndani ya gari, kwa hiyo nisikilize mimi.

Kwanza nikuambie habari za gari lenyewe, maana ulilipakia melini na hukuwahi kuliona likifanya kazi huku. Hii Pijo yako ya dizeli imetushinda wote kwa uvumilivu. Ni ndefu, ina viti safu tatu, na nyuma wameiwekea springi za kuzunguka, mbili kila upande, hivyo hata tukijaza abiria na magunia ya dagaa haikalii mkia kama magari mengine. Usukani wake wa kushoto watu waliucheka mwanzoni. Boniphace, dereva wetu, akitaka kulipita lori anamuuliza abiria wa kulia kama njia ni nyeupe, na siku hizi abiria wenyewe wanagombania kile kiti ili waulizwe. Tunakwenda Bunda, Kibara na Mugango, na Alhamisi tunakwenda Butiama. Magari ya petroli yakilala kwa kukosa petroli, sisi dizeli tunapata.

Sasa yaliyotokea. Mwezi wa tano nilikwenda na Boniphace kumchukua Mama Kibara, alikokuwa amemtembelea shangazi. Tulirudi vizuri, tukasimama sokoni Bunda kutafuta abiria. Mimi nilishuka kumnunulia Mama maji. Niliporudi, Boniphace alikuwa anafunga boneti, anatabasamu kama mtu aliyelipwa mshahara. Sikumuuliza kitu. Niliingia mbele, Mama yuko safu ya katikati, amenyoosha mguu wake mbaya kwenye kiti.

Tulipoanza kupanda ule mwinuko wa kutokea sokoni, injini ikabadilika sauti. Boniphace aliondoa mguu kwenye mafuta, lakini sauti ikazidi kupanda. Alikanyaga klachi na breki, tukasimama, injini ikawa inalia kama kitu kinachochinjwa. Alitoa gia, akazima ufunguo. Haikuzimika. Akauchomoa kabisa, akaniangalia ameushika mkononi, na injini bado inapiga kelele. Moshi wa bluu ulitoka nyuma mpaka vibanda vya nguo havikuonekana. Watu wakakimbia, mama mmoja akaacha beseni lake la samaki wa sato katikati ya barabara.

Boniphace alivuta breki ya mkono, akaruka nje na kufungua boneti. Alifikiri akikata mpira wa dizeli itakufa. Aliukata, akaungua kiganja, na bado injini ikaendelea. Mimi nikageuka kumtoa Mama. Nilimshika mkono, akajaribu kuinuka, nyonga ikakataa. Alikuwa anasoma shahada. Kisha akaacha kusoma, akaniambia kwa sauti ya kawaida tu, kama ananituma dukani: "Mwanahalima, una watoto. Shuka."

Nassibu, sijawahi kumkatalia Mama neno, lakini lile nililikataa. Sikuwa na ujasiri wa ajabu. Ila nilikumbuka jambo moja. Shomari aliponifundisha gari pale uwanjani Kitaji, kosa langu la kila mara lilikuwa kuachia klachi huku nimekanyaga breki, na kila mara injini ilikuwa inakufa, watoto wa jirani wanashangilia. Nikajiambia, ikiwa kosa lile linaua injini nzima, litaiua na hii iliyopagawa.

Nilihamia kiti cha dereva. Tatizo ni kwamba Boniphace alikuwa mbele, kichwa ndani ya boneti. Kama breki zisingeshika, ningempitia. Nilipiga kelele, "Toka mbele ya gari!" Hakusikia kwa ule mlio. Nikabonyeza honi, nikaishikilia, ndipo akainua kichwa, akaniona, akarukia mtaroni. Nikakanyaga breki kwa mguu wote wa kulia mpaka nikawa nimenyanyuka kitini. Kwa mguu wa kushoto nikakanyaga klachi, nikatia gia ya nne, ile kubwa. Nikasema bismillahi, nikaachia klachi kwa mara moja.

Gari liliruka mbele kidogo, likatikisika kama ng'ombe aliyefungwa kamba, kukanuka klachi iliyoungua. Halafu kimya. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Mama alimalizia shahada yake kuanzia pale alipoiachia, kisha akaomba maji.

Basi huo ndio mlipuko wa Hamduni. Hakuna kilichoungua zaidi ya klachi kidogo na kiganja cha Boniphace.

Vijana walitusaidia kulisukuma hadi kwa fundi Masatu, mtu mpole aliyesomea ufundi Mwanza. Alichomoa kijiti cha oili, akakiangalia, akakifuta, akakiangalia tena. Oili ilikuwa imepita alama mbali sana. Akafungua kile chombo cha kuchujia hewa, oili ikamwagika humo pia. Wewe ni mtu wa vitambaa, si wa injini, kwa hiyo nikueleze kama alivyonieleza mimi. Injini ya petroli inawashwa na cheche. Ukikata umeme, imekufa. Dizeli haina cheche. Inakandamiza hewa mpaka hewa yenyewe inakuwa moto, kisha mafuta yakinyunyizwa humo yanawaka. Ufunguo wetu unazuia dizeli tu. Sasa oili ilipojaa kupita kiasi, ilipanda kupitia njia ya hewa, injini ikaanza kuila oili yake yenyewe na kukimbia nayo. Hapo ufunguo haukuwa na la kukata, wala mpira wa dizeli. Masatu alisema waliotengeneza injini hii hawana kosa lolote, na kwamba ingekuwa injini nyingine, tungetafuta pistoni zake barabarani.

Alipotaja oili, Boniphace alitoka nje. Nilimkuta amekaa kwenye tairi bovu, kiganja kimefungwa kitambaa. Akaniambia yote. Zamani alikuwaga dereva wa lori, miaka ile mibaya. Oili haikupatikana. Walikuwa wanaichuja ile chafu kwa shati na kuirudisha, hadi siku moja injini ikakauka na kukwama njiani, akakaa porini na mzigo wa pamba, na kazi akafukuzwa. Siku ile Bunda aliona makopo ya oili yamepangwa dukani kama soda, anayetaka anachukua. Alinunua kwa hela yake mwenyewe na kuimimina yote, asibakize tone. Alitaka gari lisione kiu kama aliyoiona yeye. Alinitolea funguo, akasema niwape watu wengine.

Nilikuwa na hasira, sikufichi. Lakini nilimwangalia kile kiganja, nikafikiria jinsi alivyorudi kwenye ile injini wakati soko zima linakimbia. Nikamwambia, "Funguo ziweke mfukoni kwako. Ila kuanzia leo oili tunapima wawili." Alizitia mfukoni, nami nikaenda kumwona Mama.

Wakati gari linatengenezwa, Mama alikaa kwa Boniphace hapo hapo Bunda. Susana, mke wake, alimtengea chungu chake cha chakula cha halali na kumkanda nyonga kwa maji ya moto kila jioni. Mama alisema wazi kwamba hapandi tena gari lile. Sikumlaumu, nilishamtafutia nafasi kwenye basi.

Masatu alimwaga oili, akasafisha njia zote za hewa, akaangalia nozeli za kunyunyizia mafuta na kuunga mpira. Alipowasha, ilikohoa moshi mweupe, kisha moshi ukapungua mpaka ukaisha, na injini ikatulia kwenye ule mlio wake wa kusaga karanga. Nilitaka kulia.

Shida ikawa watu. Tuliporudisha gari kituoni sokoni, kila mtu alikaa mbali. Walikuwa wamekubaliana kwamba lina jini, maana gari gani linatembea bila ufunguo? Boniphace aliita Musoma, Musoma, hadi sauti ikachoka. Mabasi yakaja, yakajaa, yakaondoka. Marieta, yule muuza dagaa wa Kibara ambaye amepanda nasi tangu siku ya kwanza, alipita akiangalia chini.

Mama alikuwa ameletwa pale na Susana apande basi lake. Alikaa kwenye benchi na fimbo yake, anatazama tu. Alimtazama Boniphace hasa. Basi lake likafika, kondakta akaja kumshika mkono. Mama akamwambia asubiri. Akainuka taratibu, akavuka uwanja mzima wa kituo, watu wote wanamtazama, akafungua mwenyewe mlango wa mbele wa gari lako. Ilimchukua muda kuingiza ule mguu. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alipokwisha kukaa, akasema kwa sauti ya watu kusikia, "Kama lina jini, basi tumeshazoeana. Boniphace, mwanangu, nipeleke nyumbani. Na ukitaka kulipita lori, niulize mimi."

Kisha Marieta akaweka gunia lake nyuma, akaingia. Wakaja wanaume wawili wa Butiama, halafu mama na mtoto. Tuliondoka Bunda viti vyote vimejaa, na mimi nilikaa safu ya mwisho, magoti kidevuni, nimefurahi kuliko siku ya harusi yangu.

Tangu siku hiyo halijasumbua. Kwa hiyo, mdogo wangu, najua gari ni lako na jasho ni lako. Lakini tajiri wa Mwanza alikuja wiki iliyopita, nikampa chai, nikamwambia haliuzwi. Kama nimekosea, nikaripie mimi kwa barua, Mama usimwambie. Na badala ya mnunuzi, ukipata mtu anayekuja, tutumie sahani ya klachi, maana hiyo ndiyo niliyoiumiza kwa mikono yangu.

Shomari anakusalimu sana, na shangazi Tabu wa Kibara, na Boniphace na Susana. Mama anakuombea kila baada ya swala, ulale salama katika nchi ya watu na urudi na miguu yako. Mungu akuzidishie afya na riziki ya halali, na akufungulie njia ya nyumbani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na niliyekataa kuuza gari lako,

Mwanahalima