Kitatange wa Kaka Ghanim

Jumamosi, 6 Oktoba 2018

Tumetoka kwa daktari wa macho. Jicho la kulia la kaka halirudi tena. La kushoto — atajaribu matone mengine, tusitarajie makubwa. Ghanim alimshukuru kama mtoto aliyepewa peremende. Tukavuka daraja kurudi kwetu Muharraq. Ndipo akaniambia nitafute mtu wa kumchukua Nahodha. Na tangi, na pampu, na taa, na mawe yake yote. Samaki ni wa kutazamwa, kipofu atamfanyia nini?

Nilikuwa natafuta pa kuegesha.

Nahodha ni kitatange — anfuzi, kama tunavyowaita hapa. Mpana kama sinia, buluu iliyokolea, na lile doa la manjano ubavuni kama amejiegemeza kwenye rangi mbichi. Ghanim alimtoa baharini mwaka aliofariki mama, akiwa mdogo kama kidole gumba. Kakaa sebuleni humu miaka mingi kuliko niliyokaa mimi na mume wangu, Mungu amrehemu.

Jumapili, 7 Oktoba

Asubuhi nimemkuta kaka mbele ya kioo, chai imepoa mkononi. Akauliza Nahodha anafanya nini. Anakula uduvi. Anakula vipi? Nikasema, kama wewe — anachagua, kisha analalamika. Akacheka kidogo.

Jioni ikawa hadithi za zamani. Bahari ilipokuwa inafika mlangoni. Maji yakijaa, mama alitandika mkeka barazani, tukasikiliza mawimbi yakipiga ukuta. Sasa kuna barabara na maduka ya simu, na bahari imesukumwa mbali hata harufu haifiki. Akakumbuka tangi lake la kwanza: vioo vya kabati la baba, vimegandishwa kwa lami ya mashua. Likapasuka juu ya magodoro. Baba alimfukuza na kiatu hadi mlango wa msikiti.

Mimi nakumbuka jingine. Nimesimama ufukweni, yeye na rafiki yake Sanad wanapanda mashua, mimi naambiwa msichana haendi. Walirudi na vitatange wachanga ndani ya chupa ya jamu — weusi wa kibuluu, mistari myeupe imepinda kama mwezi mwandamo. Nikapewa chupa niishike. Kazi yangu ilikuwa hiyo, kushika chupa.

Jumatano, 10 Oktoba

Amenikumbusha habari ya mtu wa kumchukua Nahodha. Nikasema natafuta. Sitafuti.

Alhamisi, 11 Oktoba

Nimempigia Sanad. Bado ana mashua, bado ana mdomo. Nikamwambia nataka kitatange mchanga.

"Ghanim ndiye anayetaka?"

"Mimi."

Akasema: "Mama Nawaf, magoti yako yanalia ukipanda ngazi za nyumba yako. Mashua utaipandaje?"

"Magoti ni yangu, mashua ni yako. Kila mtu aangalie chake."

Tumekubaliana kesho.

Ijumaa, 12 Oktoba

Upepo. Hatukwenda.

Lakini nimemwambia Ghanim, wakati wa kifungua kinywa. Akaweka kijiko chini. Wa nini? Nahodha atamuua. Nikasema nataka kumwona mimi, si wewe. Akarudi kwenye tambi zake. Nilishaanza kuondoa sahani aliposema: "Usimkimbize kwa pupa. Mzibie njia zote, umwachie moja. Mwache afikiri ametoroka mwenyewe."

Nikakaa tena. Alinifundisha mpaka adhana ya adhuhuri.

Jumamosi, 13 Oktoba

Nimekwenda. Nimeliandika neno hilo na kulitazama. Nimekwenda.

Sanad alinipa mkono wakati wa kupanda, nikaukataa, kisha nikaukubali. Baibui nikalikunja, nikabaki na suruali ya zamani ya mwanangu Nawaf na fulana ya mikono mirefu. Sanad akatazama pembeni kwa adabu, halafu akasema eti nafanana na Ghanim wa darasa la saba. Nikamwambia aangalie usukani.

Maji yalikuwa yamekupwa, mwamba unaonekana kama mgongo wa ngamia chini ya shuka. Tukashuka kwenye maji ya kiuno. Nikavaa miwani ya kuzamia, nikainamisha uso — kelele zote za dunia zikakatika.

Matumbawe yamekufa. Karibu yote. Kifusi cha kijivu na mwani. Ghanim hakuniambia hili. Au kichwani mwake bado yako hai, kama alivyoyaacha. Lakini chini ya kila jiwe kuna anayeishi. Na chini ya moja alikuwapo yeye. Mdogo, mweusi wa kibuluu, mistari yake ile ile. Nikasahau kupumua, nikanywa maji.

Sanad akazungusha wavu nyuma ya jiwe. Mimi upande wa pili na kijiti. Sikumkimbiza. Nikamwachia njia moja, nikangoja. Akachungulia, akarudi. Akachungulia tena. Kisha akatoka taratibu, kama mtu aendaye sokoni, akaingia wavuni.

Sanad akauliza kama nalia. Nikasema ni chumvi.

Niliporudi, Ghanim alikuwa mlangoni, kanzu safi, kama anayesubiri mgeni wa heshima. Kabla sijavua viatu: "Matumbawe je?" Nikasema yapo. Si uongo. Yapo.

Jumatano, 17 Oktoba

Mgeni yuko jikoni, kwenye beseni lake peke yake, na pampu ndogo. Asije akamletea Nahodha maradhi. Siku za kwanza alikataa kila kitu. Leo kadonoa chaza aliyekatwakatwa. Nilipiga kelele, Ghanim akaja akigonga viti njiani.

Habari ya mtu wa kuchukua tangi haijatajwa.

Jumamosi, 27 Oktoba

Sanad kaja na samaki wa chakula cha mchana. Tukiwa tunakula wali, akaropoka: mwamba wote umekufa, ajabu hata tulipata kitatange. Nikamsukuma mguu kando ya mkeka wa chakula. Ghanim akaendelea kutoa miiba, kwa vidole, taratibu.

"Najua umekufa," akasema. "Ulikufa nikiwa na macho yangu mawili. Nililia humo humo ndani ya maji."

Nikamuuliza kwa nini basi aliniuliza siku ile mlangoni.

"Kuona kama utanihurumia. Ukanihurumia. Usirudie, Moza. Mimi sasa nina macho yako tu. Yakinidanganya, nimekwisha."

Sanad akaomba ndimu. Hakuihitaji.

Jumanne, 30 Oktoba

Mgeni kaingia tangi kubwa, nyuma ya kizuizi cha plastiki chenye matundu. Nahodha kaja mbio, kainua miiba ya mgongo, kajigeuza ubavu ili aonekane mkubwa. Nikasema yote, kama yalivyo. Ghanim kasema ndiyo maana Mungu kawavika wachanga nguo nyingine kabisa: mkubwa asimwone mpinzani. Wakianza kubadilika rangi ndipo hufukuzwa.

Kisha akasema, kana kwamba anaongea na kioo, kwamba siku ile ya chupa ya jamu, kama angekuwa na akili, angenipa nafasi yake mashuani. Nikaenda kuzima jiko. Halikuwa linawaka.

Ijumaa, 2 Novemba

Baada ya sala. Sanad kaja kutoa kizuizi, kisha kaondoka, kasema moyo wake hauwezi. Naandika hapa hapa, daftari gotini.

Nahodha kamfuata mara moja. Kamgonga. Kipande cha pezi la mkia wa mdogo kimeondoka, nimekiona kikielea. Nikamwambia Ghanim. Nilitaka kusema wako sawa. Nikasema, kamng'ata, pezi limechanika.

"Damu?"

Hapana.

"Endelea."

Mdogo kakimbilia nyuma ya jiwe kubwa. Nahodha kamfuata humo. Sasa sioni chochote — wala mkia. Nimesogea kulia, kushoto, nimepanda kiti. Sioni, nikamwambia. Wote wawili wako nyuma ya jiwe, Ghanim, sioni.

Ghanim kaweka sikio kwenye kioo. Kanyoosha kiganja, ninyamaze.

"Kagonga," akasema. Vitatange wakubwa hugonga kwa mwili, sauti kama kidole juu ya mlango. "Akitaka vita hugonga mfululizo. Huyu kagonga mara moja, kanyamaza."

Maana yake?

"Kaonya tu. Ngoja. Kuna mwingine anamjibu. Mdogo, sauti ndogo. Njoo."

Nimeweka sikio. Kioo kina uvuguvugu. Pampu, maji, moyo wangu mwenyewe — sijasikia kingine. Nimetaka kuinuka, kaka kanishika bega, ananionyesha kwa kidole kwenye kioo wapi nisikilize.