Pesa Zilezile, Vyumba Viwili

Dada yangu Nakiete,

Shikamoo huko uliko. Ni mimi mdogo wako, mwanamume pekee wa Myamba aliyewahi kubishana na chui njia ya Chome, na chui akaomba radhi. Ungekuwepo ungesema, "Punguza chumvi, wewe." Haya, nimepunguza. Chui alikuwa mmoja tu.

Nakuandikia habari ya nyumba yako. Uliiacha ina kuta, haina paa, na wanao bado wanalala kwenye kile kijumba cha udongo kinachovuja. Siku tunakuzika nilisimama mbele ya kanisa zima nikasema nipeni mimi rambirambi, nitaezeka vyumba vyote vinne. Wakanipa. Zilitosha mabati, ila mbao hatukuwa nazo. Nikasema basi, nizilinde mpaka mbao zipatikane. Dada, nilizilinda! Sanduku chini ya kitanda, mimi juu yake kama kuku anayeatamia, miaka mitatu. Hata wifi yako alipoomba ya sukari nilimkatalia.

Juzi mbao zikatimia. Nikavaa koti, nikashuka Same na Neema wako, nikaingia dukani kama bwana harusi. Muuzaji akahesabu, akasema, "Mzee wangu, hizi ni za vyumba viwili."

Nikawaka. "Haijapungua hata shilingi!"

"Ni kweli haijapungua. Bei ndiyo haikukusubiri."

Nikamwambia mimi nasikiliza redio kila siku, wanasema mfumuko wa bei kwa mwaka ni mdogo, ni himilivu. Neema akadakia: "Mjomba, mdogo siyo kushuka. Ni kama kwenda Chome. Hata pale mlima unapolegea kidogo, bado unapanda. Na wewe umekaa miaka mitatu." Mtoto huyu amerithi ulimi wako wote. Mimi shule niliishia darasa la tano, lakini hilo lilinikaa kichwani palepale.

Nikataka turudi na pesa zetu, tungoje bei ilegee. Akanikazia macho, dada, yale yako kabisa. "Tukingoja tena, mjomba, tutaezeka choo."

Nikakubali nimeshindwa. Unajua mimi kushindwa ni habari ya kutangazwa. Nikalipa zote. Tulipokuwa tunapakia, upepo wa Same ukanyanyua bati pamoja na mimi, ukatuvusha barabara, nikatua wima na watu wakanipigia makofi. Neema anasema nilianguka. Asikudanganye.

Wengine hapa wanasema nusu paa ni aibu, bora tusubiri likamilike. Waseme. Shamba lako la juu nimelilima kwa mikono hii, nimepanda tangawizi. Ikiuzwa, pesa hailali kwangu hata usiku mmoja, inakuwa mabati siku hiyohiyo. Bati likishapigiliwa misumari, bei ipande iendako, halipungui.

Kuna siku natamani nikusikie ukinicheka, dada. Yaani... basi.

Sikuahidi tena kwa shilingi. Nakuahidi kwa vyumba: viwili kesho, fundi ameshalala hapa kwangu, na viwili tukivuna. Mawingu yameanza kukaa juu ya mlima Shengena, lakini safari hii tumeyawahi.

Pumzika, dada yangu. Wanao watalala pakavu.

Mdogo wako.