Kalibu Isiyo na Jina

Nyumbani, karakana ya Baba,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu tele. U hali gani? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi ni wazima, na safari hii sisemi hivyo kwa mazoea. Baba ametoka hospitali. Shusha pumzi, nikusimulie.

Unakumbuka kila mteja wa siku nyingi ana kalibu yake pale rafuni, ule mguu wa mti tunaoshonea viatu vyake, na jina lake kwa chaki. Mguu ukinenepa, tunabandika kipande cha ngozi juu ya kalibu ili kiatu kitoke kipana. Tangu mwaka jana Baba alikuwa akinikatisha vipande kwa kalibu moja isiyo na jina, ya mteja aliyemwita Msumbufu. Nimekata vitano. Msumbufu alikuwa yeye mwenyewe, Kaka. Miguu ilivimba, naye akapanua viatu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi kilituchungulia tu mlangoni.

Siku aliposhindwa kupanda ngazi tatu bila kuhema, Mama alimvua viatu kwa nguvu. Akabonyeza kifundo, shimo la kidole likabaki. Nikajua tunampoteza. Nililia, sikufichi, maana vile vipande nilivikata kwa mkono wangu.

Daktari, mama mmoja asiye na haraka, alitueleza kwamba moyo umechoka kwa presha, na sukari imekuwa ikiutafuna taratibu. Kumbe mbali na mishipa ya damu tunayo mingine myembamba, mishipa ya limfu, inayokusanya maji yanayovuja nyamani na kuyarudisha kwenye damu. Moyo ukilegea, maji huzidi na mishipa hiyo huelemewa; sukari nayo huidhoofisha hadi ivuje. Misuli ya miguu huisaidia tukitembea, na Baba amekaa kwenye kigoda miaka arobaini.

“Mzee, moyo huu tutautunza,” alimwambia. “Ila usinifiche tena miguu.”

“Miguu nimeitazama maisha yangu yote, daktari,” Baba akajibu. “Ya watu wengine.”

Sasa anameza dawa bila kusukumwa. Chumvi Mama ameifungia kabatini, na ufunguo analala nao. Kila asubuhi Baba anazunguka mtaa mara mbili, akikosoa viatu vya kila anayepishana naye. Moyo wangu umetulia, Kaka. Usiache kazi kwa hofu. Njoo likizo, utamkuta.

Kila uvimbe unapopungua, ananiita tubandue kipande kimoja. Jana tumebandua cha nne. Cha tano daktari anasema huenda kikabaki, na Baba hakubisha. Alichukua chaki, akaandika jina lake kwenye kalibu, akairudisha rafuni pamoja na za wengine.

Mama anakusalimu sana. Shangazi naye, anauliza utaoa lini; mimi simo. Mungu akutunze huko uliko kama alivyotutunzia Baba.

Wako akupendaye daima,
Kitindamimba.