Neno la Kuhama

Garissa, Jumanne, 1966

Nimelichoka hili neno la Kiingereza, "move". Afisa hulitamka mara moja, kisha hunigeukia mimi mkalimani wake. Kamusi inasema kuhama, kusogea, kuondoka, kuondoshwa, na bado inaendelea.

Leo barazani alisema watu wote wahamie kijiji kilichozungushiwa seng'enge. Atakayebaki porini atahesabiwa shifta, mwasi wa kuwindwa na jeshi. Nikachagua neno la Kisomali tunalotumia tukihama na mifugo kufuata mvua. Nilitaka lisiwaume.

Eeddo Halima, dada wa baba yangu, akasimama. "Nani ametumwa kutazama majani huko?" Kwetu hatuhami kabla mtu huyo hajarudi.

Afisa akataka kujua mama huyo anasema nini. "Anauliza ni lini," nikajibu. Mungu anisamehe.

Jioni nimempitia. Alikuwa ameshabomoa nyumba, anakunja mikeka ya kupakia ngamia.

"Mwanangu, roho yangu imetulia," akaniambia. "Kama ni wewe uliyetangaza, basi ni wewe uliyekwenda kutazama."

Kweli nilikuwa nimepaona hapo kijijini. Vumbi na seng'enge, hakuna hata jani.

Nikainama, nikamsaidia kukaza kamba.